Gari Lililojiuliza na Kujijibu

Mama yangu aliimba wimbo ambao nusu ya mji wetu wa Butembo imeolewa nao, lakini ukiwauliza watoto ninaowafundisha shuleni watakuambia ule ni wimbo wa sabuni. Nimegombana na watu wengi kwa sababu hiyo, na sijuti hata ugomvi mmoja.

Aliuimba akiwa msichana, katika orkestra ya vijana wa mtaa wetu waliokuwa na magitaa ya kuazima na ngoma iliyoshonwa upya mara kwa mara. Wimbo wenyewe ni rahisi. Mwanamke mzee yuko ndani ya nyumba, anasikia watu nje, anauliza: "Nani iko ku mulango?" Sauti ya mama yangu inajibu kutoka nje: "Ni sisi. Tunakuletea mutoto. Toka, umupokee." Mzee hatoki. Anauliza kama huyo mtoto anajua kulima, kama anajua kuteka maji, kama ana mdomo mrefu, na mama anamjibu kila swali kwa majivuno makubwa, mpaka mzee anaishiwa na maswali, anatoka, na hapo ndipo magitaa yanapoachiliwa. Katika kanda ya zamani sehemu ya mzee iliimbwa na mpiga gitaa mmoja mwenye ndevu aliyebana pua. Mama huwa bado anacheka akimkumbuka.

Kanisani hawakucheka. Sisi ni Waprotestanti wa tangu babu, na wazee wa kanisa waliona kwamba binti anayeimba na magitaa ya baa hawezi kuketi meza ya Bwana. Walimtenga. Mama hakuhama kanisa wala hakuacha orkestra. Kila Jumapili ya ushirika alikaa benchi la mbele kabisa, mkate ukampita puani, na yeye akaitazama sahani mpaka yule aliyeibeba akaona haya. Kisha binti wa mzee mmoja wa kanisa akaolewa, na wanawake wa upande wa bwana arusi wakaanzisha wimbo ule mlangoni bila kumwomba mtu ruhusa, na mzee mwenyewe akaonekana anapiga makofi. Mama alirudishwa mezani bila maelezo. Anasema mkate ulikuwa na ladha ileile.

Tangu hapo wimbo ukawa desturi, kwetu na hata Beni na Mangina, na desturi ikawa na sheria yake: hauanzwi na waliokuja, unaanzwa na mwenye nyumba. Bibi arusi akifikishwa kwa mume wake, watu wake wanasimama nje kimya, na mwanamke mzee kuliko wote wa nyumba ile anauliza, "Nani iko ku mulango?" Asipouliza, hamna la kujibu. Nimewahi kuona msafara mzima unalowa kwenye mvua ya Butembo, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, kwa sababu bibi wa bwana arusi alikuwa hajamaliza kufunga kitenge chake. Hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Kisha ukaja ugonjwa wa Ebola, ukianzia upande wa Mangina, ukasambaa mpaka ukatufikia. Yalikuja magari, zikaja ndoo zenye robine, yaani bomba dogo la kunawia, kila mlango, wakaja watu wa kutuhamasisha wa kila aina. Kundi moja kati yao likatafuta wimbo ambao kila mtu anaupenda. Waliuliza watu, na watu, kwa bahati mbaya, waliwaambia ukweli. Wakamtafuta kijana mwenye kinanda, wakaupiga upya kwa mwendo wa haraka, wakaupandisha juu ya gari lenye megafoni ya kupaza sauti. Nilikuwa nyumbani siku ulipopita mtaani kwetu mara ya kwanza: "Nani iko ku mulango? Ni sisi! Tunakuletea afya! Toka, unawe mikono!"

Gari lilijiuliza, likajijibu lenyewe, tena likiwa barabarani, mbele ya nyumba ya watu ambao hawakuuliza kitu. Mtu aliyezaliwa hapa asingefanya vile hata akilewa.

Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka gari likakata kona, kisha akasema juu ya watu wale, "Baliondoa mutoto, baliweka sabuni." Akaendelea kutafuta mawe kwenye maharage. Mimi ndiye niliyechemka. Nilitaka aende, aseme, adai, alie, lolote. Hakusema tena neno juu ya jambo lile, ila tangu siku ile sikumsikia akiimba, hata jikoni.

Sisemi watu wasinawe mikono. Mimi mwenyewe nilinawa mpaka ngozi ikapasuka, na nilizika jirani kwa mbali kama wengine. Lakini ugonjwa uliisha, magari yakaondoka, na wimbo wa sabuni ukabaki. Watoto wangu wa darasa waliuimba kwenye foleni ya ndoo kila asubuhi. Niliwakataza. Mkurugenzi wa shule, ambaye ametoka jimbo lingine na ni mtu mwema tu, aliniita ofisini.

"Madame, mais ile ni wimbo ya hygiène, ya usafi."

"Directeur, ile ni arusi ya batu," nilimwambia. "Kama munataka wimbo ya hygiène, mutunge yenu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kipimajoto. Sikurudi nyuma, na darasa langu likawa linanawa mikono kimya.

Arusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ukisimama mlangoni na bibi arusi, unaona wanawake wa ndani wanatazamana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na mwishowe mtu anabonyeza simu na wimbo wowote wa Kinshasa unatoka kwenye bafle, ile spika kubwa. Nilikuwa naumia kweli. Mama yangu sasa ana umri mkubwa, kifua chake kinamsumbua kila msimu wa baridi, na mimi nina binti mmoja tu. Nilitaka jambo moja: siku binti yangu atakapopelekwa kwa mume, aingie kwa wimbo wa bibi yake, wenye mtoto ndani yake, bibi akiwa hai na akiuimba mwenyewe. Wala sikuona ni jambo la kuomba kwa magoti.

Binti yangu akapata mchumba huko Beni. Watu wake walikuja kwetu kwa mazungumzo, wakiongozwa na shangazi yake bwana arusi, mwanamke wa biashara ya kakao, mwenye sauti ya kuuzia watu jua la Beni na wakalinunua. Tulijadili mbuzi wa mahari kwa adabu, tukachekana kidogo kama inavyopasa, mambo yakaenda vizuri. Chai ilipomiminwa, shangazi akainua kidole.

"Tunakubali byote," alisema. "Mbuzi, tunakubali. Kitenge ya mama, tunakubali. Mais kuko kitu moja. Ile wimbo ya ku mulango, hapana. Siku munaleta bibi arusi, hata mutu moja asiimbe ile."

"Wimbo gani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ile ya Ebola."

"Mama, wimbo ya Ebola hapana hapa kwetu. Kuko wimbo ya mama yangu. Ni huyu mwenye kukaa nyuma yako, anakunywa chai."

Shangazi aligeuka, akamwona mama, akashika kifua. "Unisamehe, mama, sikujua ni wewe," alisema. "Mais neno yangu haibadilike."

Ndipo akatueleza. Baba wa bwana arusi, yaani kaka mkubwa wa shangazi huyu, aliugua Mangina, siku zile magari ya wimbo yalipokuwa yameshaenea. Majirani waliita watu wa Ebola. Walikuja na magari mawili, na lile la mbele ndilo lililokuwa na megafoni. Mama mzazi wa mgonjwa alikuwa ndani, mzee, macho hayaoni vizuri. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume aliyekuwa karibu kuoa, na alikuwa akimngoja huyo mkamwana kila siku. Akasikia: nani iko ku mulango, ni sisi. Hakusubiri maneno yaliyofuata. Alifunga kitenge kipya, akatoka nje mikono wazi, anacheza, anapiga vigelegele. Uani walikuwa wamesimama watu waliovaa meupe tangu kichwani mpaka miguuni. Aliwachezea mpaka mmoja wao alipoinua mkono kumzuia asisogee, na nyuma ya mama, mwanawe akatolewa amelazwa kwenye machela. Mwana hakurudi.

Kijijini walianza kusema: mama gani anacheza mtoto wake akichukuliwa? Wengine walisema amemuuza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini yule mwenyeji alibaki na msiba, na tuhuma za uchawi juu. Familia ikahamia Beni, na huko mzee akawa mtu wa chumba cha ndani. Mgeni akibisha mlango, yeye anajifunika.

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Lakini mimi nilikuwa na hasira yangu ya miaka, na ilikuwa imekaa tayari.

"Ebola ilikamata kaka yako," nilimwambia shangazi. "Pole sana, vraiment. Sasa unataka tuipatie na arusi ya batoto?"

"Unasema hivi sababu ile gari haikuingia kwako," alijibu.

Mama akaweka kikombe chini. "Tumesikia," alisema. Kwetu neno hilo kwenye mazungumzo ya ndoa halina ndiyo wala hapana. Ndoa ikakubaliwa, siku ikapangwa, na shangazi akarudi Beni akijua alichokataza.

Walipoondoka nilianza kupanga vita. Nilimwambia mama nitakodi pikapu, nitaweka bafle kubwa nyuma, nitaitafuta ile kanda ya zamani, na tukifika kwenye lango la wale watu nitaifungulia mpaka mabati yatetemeke. Tuone nani atatuzuia na bibi arusi tukiwa naye.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Utabeba bafle juu ya gari," alisema, "utaenda ku nyumba ya ile mama, utaimba ni sisi, na mutu hapana uliza?"

"Ndiyo."

"Basi wewe utakuwa ile gari."

Nilinuna. Nilinuna vizuri, kwa bidii, wiki yote. Niliporudi kumuuliza kama kweli hataki, kama hajali wimbo wake ufe midomoni mwa watoto wa foleni, alinikasirikia yeye sasa, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Nani alikuambia sitaki? Nataka sana! Mais haiko yangu ya kuanzisha. Ile wimbo inaanza na mwenye nyumba. Asipouliza, tunanyamaza, tunaingia, tunakula. Hatuendi kumulazimisha mama mwenye kulia."

Basi tukaenda bila bafle. Tulitoka Butembo asubuhi, maana barabara ile ina watu wenye bunduki na si ya kuchezea, unatakiwa kufika na kurudi watu wakiwa bado wengi njiani. Mama, amejifunga shali, alikaa mbele na dereva, mimi na binti yangu na wadogo zake mama tukabanana nyuma na vyombo. Kadiri tulivyoshuka kuelekea Beni, ndivyo mama alivyokuwa anavua nguo moja moja, shali, sweta, soksi, na joto likatupokea.

Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi alichungulia ndani ya gari, akaona shela, akatabasamu. "Mama, libala eza nye boye?" alisema. Alikuwa anatushangaa, arusi gani hii iliyo kimya. Kisha, kwa wema kabisa, akaanza kupiga boneti kwa viganja na kutuimbia: toka, toka, unawe mikono. Binti yangu alicheka. Mimi nilitoa kichwa dirishani.

"Askari, ile wimbo ina mwenyewe! Ni huyu mama mwenye kukaa mbele, na hakuimba sabuni!"

Mwanajeshi alimtazama mama, akasimama wima, akampigia saluti ya kweli, mkono kwenye kofia. "Mama, pardon. Mi najua ile ya sabuni tu."

"Haina neno, mwana," mama akamwambia. "Unanawaka mikono?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ilitumika." Na gari likaondoka. Nilitaka kuendelea kukasirika, lakini wale mama wadogo walikuwa wanacheka mpaka wakanifunga mdomo.

Beni kulikuwa na jua la kupasua. Nyumba yao ilikuwa na lango la mabati, na nje palikuwa pamejaa majirani, baadhi yao watu waliohama Mangina pamoja nao. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa imepangwa ukutani, vitenge vya aina moja, mwalimu wao mkono juu. Shangazi alisimama katikati ya lango, amependeza, amekaza uso. Alikuwa ameandaa wimbo wa dini ili pasiwe na nafasi ya wimbo mwingine, na kwa kweli lilikuwa jambo la akili. Tulishuka. Tulimpanga binti yangu mbele, mama upande mmoja, mimi upande wa pili. Tukasimama kimya, kama desturi inavyotaka, ila safari hii kimya hakikuwa kinangoja kitu. Nilimwona mama anatazama chini, anapangusa vumbi kwenye kitenge chake ambacho hakikuwa na vumbi. Roho iliniuma, nasema wazi. Nilijiambia kwamba nikirudi Butembo sitahudhuria tena arusi ya mtu.

Mwalimu wa kwaya akatoa noti ya kwanza.

"Nani iko ku mulango?"

Ilikuwa sauti ya ndani ya nyumba, nyembamba, kavu. Kwaya ikakatika. Shangazi aligeuka akakimbilia ndani, na sote tulimsikia: "Mukaka, hapana! Rudi ndani, kaa. Tulishapanga byote." Mukaka ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima, lakini shangazi alilisema neno lile kama anamwita mtoto aliye karibu na moto.

"Niachie!" Mzee alitokea kizingitini. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, kitenge kimefungwa juu ya matiti, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anawatazama majirani, au pale alipodhania wamesimama.

"Mulinicheka," aliwaambia. "Mulisema niliuzisha mutoto yangu. Mi hapana kosa. Niliitwa na wimbo ya arusi, nikatoka kama mama anatokaka. Wimbo nayo hapana kosa. Ile gari ndiyo ilisema uongo." Alivuta pumzi. "Sasa nauliza tena. Nani iko ku mulango?"

Nilimgeukia mama. Nilidhani hataweza. Sauti iliyotoka mara ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo na ikazimika njiani. Akakohoa, akatema pembeni bila aibu, akainua kidevu kama alivyokiinua, nadhani, kwenye lile benchi la mbele.

"Ni sisi," aliimba. "Tunakuletea mutoto."

Yule mzee hakutoka. Aliuliza maswali yote, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja. Anajua kulima? Binti yangu anafanya kazi kwenye duka la simu na hajawahi kushika jembe isipokuwa kulihamisha. Bibi yake akajibu kwamba analima kuliko wanaume, na watu wa kwetu wakaangua kicheko. Anajua kuteka maji? Anateka mto mzima. Ana mdomo mrefu? Hapo mama alinitazama mimi kwanza, kisha akajibu kwamba mdomo haukutoka upande wake. Na majirani wale wale wakaanza kupokea, wanawake wa Mangina wanaoyajua maneno ya zamani, wakawa wanayarudisha kwa sauti, wengine machozi yanawatoka. Shangazi alikuwa amejibanza kwenye ukuta, analia kwa kwikwi, na mikono yake inapiga makofi.

Maswali yalipokwisha, mzee aliachia fremu ya mlango. Alishuka kwenye ua akiwa amefungua mikono, anacheza kidogokidogo, miguu ikipapasa njia kutoka kivulini kwenda juani, na watu wote walimpisha njia. Alifika kwetu. Alimpapasa binti yangu mashavu, pua, shela, akamshika mikono yote miwili na kuikaza. Mimi nilingoja aseme karibu, au amshukuru Mungu.

"Mumekawia," alisema.